Kazi Huanzia kwenye Swali la Mteja: Kwa Anayeanza Kuuza Mtandaoni Akiwa Mwanza

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaoniomba ushauri hapa Mwanza huanza kwa kuulizia wafuasi. Mwenye vitenge vyake Makoroboi, mama mwenye jiko la sato wa kukaanga Kirumba, fundi wa samani kule Igoma, kila mmoja anataka kujua atafikishaje wafuasi elfu kumi. Mimi huwarudishia swali: mteja aliyekuandikia jana usiku akitaka kujua bei, ulimjibu saa ngapi, na ulimjibu nini? Mara nyingi hapo ndipo tatizo linapoonekana. Picha unayoweka Instagram, video ya TikTok au stetasi ya WhatsApp ina kazi moja tu, nayo ni kumfanya mtu aulize. Kuuza kwenyewe hufanyika kwenye majibu, na huko ndiko anayeanza anapaswa kupeleka nguvu zake kabla hajafikiria kulipia tangazo lolote.

Tuanze na bei. Desturi ya kuandika "bei njoo inboksi" imeenea mno, na wanaoitetea husema kwamba inawazuia washindani wasione bei, na kwamba mteja akishaingia kwenye mazungumzo ni rahisi kumshawishi. Kwa kitu kinachotengenezwa kwa vipimo vya mteja, kama kabati au gauni la harusi, naweza kukubali, ingawa hata huko unaweza kutaja bei inaanzia ngapi. Kwa dagaa, viatu, sabuni au chakula sioni sababu yoyote. Mshindani wako anajua bei yako tayari, kwa kuwa nyote mnanunua soko la Mwaloni asubuhi ileile. Anayefichwa ni mteja, naye akifichwa hudhani ama bidhaa ni ghali, ama kila mtu hutajiwa bei yake kulingana na anavyoonekana.

Andika bei, kipimo na mahali ulipo. Kipimo ndicho kinachosahaulika zaidi. Hapa kwetu dagaa hupimwa kwa sado, debe na gunia, lakini mteja wa Dodoma au Dar es Salaam anawaza kwa kilo, na ukimwambia sado moja ni kiasi fulani hana namna ya kulinganisha na bei ya sokoni kwake. Pima sado yako mwenyewe kwenye mizani, andika uzito wake, na mtajie bei zote mbili. Utashangaa ni maswali mangapi yatakayopungua.

Sasa jibu lenyewe. Mteja ameandika: "Dada, dagaa bei gani?" Anayeanza hujibu "12,000" kisha akanyamaza, au hujibu kwa kuuliza "Unahitaji kiasi gani?" pasipo kutaja bei. Majibu yote mawili yanamwachia mteja kazi ya kuendelea kuuliza, na mteja aliyeandikia wauzaji watatu kwa wakati mmoja atamalizana na yule aliyemrahisishia. Jibu linalouza linafanana na hili: "Karibu sana. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja ni shilingi 12,000 kwa kilo. Ukiwa mjini, bodaboda atakuletea leo na nauli utampa akifika. Ukiwa mkoani tunatuma kwa basi la kesho asubuhi. Upo wapi nikupigie hesabu pamoja na usafiri?" Bei hiyo ni ya mfano tu, lakini tazama jinsi jibu lilivyobeba bei, kipimo, usafiri na muda, kisha likamalizia kwa swali jepesi ambalo mtu hulijibu hata akiwa ndani ya daladala.

Huhitaji kuandika maneno hayo upya kila mara. Programu ya WhatsApp Business, ambayo ilitolewa mwaka 2018 na ambayo huilipii chochote kuitumia, inakuruhusu kuhifadhi majibu ya haraka na kuyaita kwa alama ya mkwaju (/), kupanga bidhaa kwenye katalogi pamoja na bei zake, na kubandika lebo kwenye kila mazungumzo. Lebo hizo nazithamini kuliko kitu kingine chochote ndani ya programu ile. Aliyeuliza akanyamaza, aliyeahidi kulipa, aliyelipa na bado hajatumiwa mzigo: kila mmoja awe na lebo yake, nawe kila jioni upitie kundi moja baada ya jingine. Wa kundi la kwanza mwandikie mara moja tu kesho yake, kwa upole, kisha umwache. Anayeandikiwa kila siku atakufungia namba, na akikufungia hatauona mzigo wako mwingine wowote.

Jihadhari pia na namna ya kumwita mteja. Siku hizi wauzaji wa mtandaoni wamezoea kumwita kila mtu "kipenzi" na "mpenzi wangu", jambo ambalo kwa mteja wa makamo aliyepo Magu au Bunda ni kumkosea adabu. "Karibu sana" haijawahi kumuudhi mtu. Akikutumia ujumbe wa sauti nawe ukasikia ni mtu mzima, mwamkie kama ungemwamkia dukani, kisha mwandikie bei kwa maandishi, kwa sababu sauti haitafutiki kwa urahisi pale anapotaka kuikumbuka bei wiki mbili baadaye.

Kuna jambo moja kuhusu WhatsApp ambalo wengi hulijua kwa kuchelewa. Kwa kawaida mteja haoni stetasi yako mpaka wewe uwe umehifadhi namba yake naye awe amehifadhi yako, na ujumbe unaotuma kwa orodha ya matangazo humfikia tu aliyekuhifadhi. Kwa hiyo mtu aliyenunua kwako bila kuhifadhi namba yako amekwisha kukupotea. Mwombe aihifadhi siku ileile anapopokea mzigo na bado amefurahi, na umwambie aandike jina la biashara badala ya jina lako. Kwenye ukurasa wako wa Instagram au Facebook weka kiungo cha kumfikisha moja kwa moja kwenye mazungumzo: wa.me, mkwaju, 255, halafu tarakimu tisa za namba yako bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Ukiibakisha sifuri ile kiungo hakitafunguka, na mteja hatakuambia kwamba hakikufunguka.

Kuhusu picha na video, ushauri wangu hauhusu simu ya bei kubwa. Tafuta kwanza hofu ya mnunuzi, kisha ipige picha hiyo hofu ikijibiwa. Mtu wa mbali anayeagiza dagaa wa ziwani anaogopa mchanga, kwa sababu amewahi kula dagaa walioanikwa chini ufukweni na meno yake hayajasahau. Basi chukua bakuli jeupe lenye maji safi, mimina ndani yake konzi mbili za dagaa wako wa chanja, wakoroge kwa mkono, waopoe, kisha isogeze simu ionyeshe kitako cha bakuli kikiwa hakina chembe. Video hiyo ya nusu dakika, isiyo na muziki wala maneno ya kupamba, itafanya kazi kuliko mabango kumi yaliyotengenezwa kwa programu. Anayeuza sato wabichi afunue matamvua yaonekane mekundu na amwonyeshe mnunuzi jicho la samaki likiwa angavu. Anayeuza vitenge akifue kipande mbele ya kamera ili rangi ijitetee yenyewe. Piga picha asubuhi kabla ya saa nne au kivulini, kwa kuwa jua la mchana la Mwanza hugeuza ngozi ya dagaa kuwa nyeupe tupu na mng'ao wake wote ukapotea.

Wanaouza dagaa wana faida nyingine ambayo hawaitumii ipasavyo, nayo ni mwezi. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi kali taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi wengi hupumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Hali hiyo hujirudia kila mwezi na inaonekana kwenye kalenda yoyote inayoonyesha mwezi mchanga na mwezi mpevu. Panga matangazo yako kwa kuifuata: siku za giza tangaza mzigo mpya kwa nguvu na kusanya oda, na siku chache kabla ya mwezi kukomaa waandikie wateja wako wa jumla kwamba bei ya sasa itadumu hadi tarehe fulani, ukiwaeleza sababu. Mwenye mgahawa wa Morogoro hana habari za mbalamwezi ya Ukerewe. Akielezwa mara moja ataelewa kwa nini bei ya juzi siyo ya leo, na hatakudhania kuwa unambahatisha. Wakati wa masika ongeza maelezo ya jinsi unavyokausha, maana ndipo dagaa wengi hunyeshewa na kuharibika.

Linalofuata ni gumu zaidi: mteja wa mbali anaogopa kutapeliwa, na ana haki ya kuogopa. Jina lililo kwenye ukurasa, jina linalotokea anapoingiza lipa namba yako kabla hajathibitisha malipo, na jina lililoandikwa kwenye kifurushi, yote matatu yawe jina moja. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuna manufaa mengi, lakini kwa muuzaji wa mtandaoni hili ndilo ningelitanguliza. Kwa upande wako, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo, wala kwa ujumbe ulioingia kwenye simu yako ukiwa umeandikwa kama wa kampuni ya simu. Angalia salio mwenyewe kupitia menyu ya huduma, ndipo ufunge kifurushi.

Mzigo ukishafika ofisi ya basi, Nyegezi au Nyamhongolo, mtumie mteja picha ya risiti, jina la basi, namba ya simu ya ofisi atakakopokelea na saa linalotarajiwa kufika, pasipo kusubiri aulize. Nauli ya mzigo itajwe kabla hajalipa bidhaa, hata kama ni ndogo. Samaki wabichi uanze nao ndani ya jiji tu, hadi utakapokuwa na uhakika wa barafu na vyombo. Sengerema sasa ni jirani zaidi kuliko zamani, kwa kuwa tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 mzigo haupangi tena foleni ya kivuko, na muuzaji aliyekuwa akiandika "tunaleta mjini tu" angeweza kulisahihisha tangazo lake.

Matangazo ya kulipia nitayagusa kwa kifupi. Facebook na Instagram hukuruhusu kuchagua eneo, na kosa linalokula fedha za watu ni kuiacha Tanzania nzima wakati anayeuza ni mpishi wa chakula cha mchana Nyamagana. Malipo hufanyika kwa kadi ya benki au kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya huduma za pesa kwa simu. Piga hesabu kwa wanunuzi, achana na idadi ya waliopenda: tuseme umelipia 20,000, wakauliza watu kumi, wakanunua wawili, na kila mmoja amekuachia faida ya 6,000, umepoteza 8,000, isipokuwa kama wawili hao watarudi kununua. Wanane walioondoka ndio wa kuchunguza. Soma mazungumzo yao uone walinyamaza baada ya neno gani. Kuhusu kununua wafuasi, sina la kusema zaidi ya kwamba wafuasi wa kununua hawali dagaa.

Sheria nazo zikumbukwe. Chakula unachofungasha na kukiwekea nembo kinahusu TBS, yaani shirika la viwango, iliyopokea jukumu hilo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia wanaoanza kwenye ufungashaji na hatua za mwanzo. Usiweke mtandaoni picha ya sangara aliye chini ya sentimeta 50 au sato aliye chini ya sentimeta 25, kwa maana utakuwa umejipigia picha ya ushahidi. Na unapoweka picha za shukrani za wateja, futa namba na majina yao: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na muuza dagaa hakusamehewa.

Siku utakapohitaji mtu wa kukusaidia kujibu, laini ya biashara iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, nawe uweke kwenye WhatsApp namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu kijana anayejibu kwa laini yake mwenyewe ataondoka na wateja wote siku atakapoacha kazi, pengine bila hata kukusudia ubaya. Mpe orodha ya bei, mfundishe lebo, na mweleze tofauti ya dagaa wa chanja na wa mchangani mpaka aweze kuieleza mwenyewe. Mpe pia ruhusa ya kupunguza bei hadi kiwango mlichokubaliana, ili mteja anayeomba apunguziwe shilingi 500 asiambiwe asubiri hadi bosi arudi kutoka Nansio.