Re: Kwa nini staa wa jukwaani huachwa kwenye filamu?

Mkuu, umeuliza kwa nini aliyeng'ara jukwaani huachwa igizo la nyimbo likigeuzwa filamu. Hela tu. Mwigizaji Julie Andrews alilibeba igizo la nyimbo My Fair Lady jukwaani tangu 1956, lakini kwenye filamu ya 1964 wakamtaka Audrey Hepburn, jina la kuuza tiketi. Na nyimbo nyingi za Hepburn humo sauti ni ya Marni Nixon, mwimbaji asiyeonekana kwenye filamu! Andrews akaenda zake kucheza Mary Poppins, ikampa Oscar.

Ila kamera nayo haina huruma. Dada mmoja wa kwaya yetu hapa Kirumba aliimba mpaka benchi la nyuma likasimama; tulipomrekodi kwa simu kando ya ziwa, yale macho aliyotoa utadhani anadai kodi ya nyumba. Mwigizaji Samantha Barks aliweza kote kwenye Les Misérables, igizo jingine la nyimbo: mhusika Éponine wa jukwaani, Éponine wa filamu ya 2012.