Kusoma MRI ya Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Kurithi wa Mada Nyeupe

Wenzangu mnaoanza kusoma MRI za ubongo wa watoto, zoeeni kuuliza umri kabla ya kuitazama picha yenyewe. Mtoto huzaliwa mayelini yake, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, ikiwa bado changa. Katika mwaka wa kwanza ukuaji wake huonekana vizuri zaidi kwenye T1 (T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI), mada nyeupe, yaani sehemu ya ubongo yenye nyuzi hizo, inapozidi kung'aa, na baadaye, hadi karibu miaka 2, kwenye T2, ambako hufifia na kuwa nyeusi. Mng'ao wa T2 ulio wa kawaida kwa mtoto wa miezi 6 ni jambo zito kwa mtoto wa miaka 4. Kwa mtoto mchanga, picha moja haitofautishi mayelini iliyochelewa na ile isiyojengeka ipasavyo, kama katika ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher. Msikimbilie jina la ugonjwa. Rudieni picha baada ya miezi 6 au zaidi, kisha mlinganishe.

Pili, andikeni mahali palipoathirika pamoja na palipobaki salama. Ugonjwa wa Alexander kwa kawaida huanzia mbele, nyuma ya paji la uso, kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa. Leukodistrofia (ugonjwa wa kurithi wa mada nyeupe) ya metakromatiki huzunguka ventrikali, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, na mwanzoni huziacha nyuzi zilizo chini kabisa ya gamba la ubongo. Katika ugonjwa wa mada nyeupe inayotoweka, T2 pekee itawadanganya, kwa kuwa inang'aa kama katika magonjwa mengine mengi. Kwenye FLAIR, picha ya MRI inayozima mng'ao wa maji, ndipo mtakapoona sehemu zilizoliwa zikiwa nyeusi kama maji ya ubongo. Mkiiona sura hiyo, ulizeni kama mtoto alizorota ghafla baada ya homa au kugonga kichwa.

Ugonjwa unaonikosesha usingizi ni adrenoleukodistrofia, utokanao na hitilafu ya jeni ABCD1 iliyo kwenye kromosomu X, kwa sababu hapo ripoti yetu huamua kama mtoto atawahi tiba. Mvulana aliyekuwa akifanya vizuri darasani huanza kusahau, kutosikia maelekezo au kuonekana mtukutu, na mara nyingi mada nyeupe ya kisogoni huwa imeshashambuliwa pande zote mbili, pamoja na sehemu ya nyuma ya korpasi kalosamu, daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Ombeni dawa ya kontrasti, inayodungwa ili picha ionyeshe zaidi: ukingo unaong'aa kuzunguka eneo lililoharibika unaonyesha kwamba uvimbe (inflamesheni, si saratani) bado unaendelea na madhara yanasonga mbele. Hesabuni pia alama za Loes, kipimo cha ukubwa wa madhara kwenye MRI, zilizopendekezwa mwaka 1994, ambazo huanzia 0 hadi 34, maana upandikizaji wa seli shina hufaa zaidi alama zikiwa bado chache na mtoto hajapoteza uwezo mwingi.

Kwa hiyo ripoti isiishie kwa mgonjwa aliye mezani. Pendekezeni kipimo cha asidi za mafuta zenye minyororo mirefu sana katika damu, uchunguzi wa tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na ushauri wa kijenetiki kwa mama. Ulizeni habari za wajomba wa mgonjwa na za kaka na wadogo zake wa kiume. Mvulana anayethibitika kuwa na hitilafu hiyo bila dalili yoyote anahitaji MRI takriban kila miezi 6 kati ya miaka 3 na 12, na kwake doa dogo la kwanza ndilo linalopaswa kutajwa siku hiyohiyo, kwa simu, kwa daktari anayemhudumia.