Mambo 11 kwa mwaka mmoja, mume hata hongera hajanipa!

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 39, naishi Tabata. Nakuandikia nikiwa na shukrani kwa Mungu lakini moyo unaniuma. Mwaka uliopita ulikuwa mwaka wangu. Usiku wa tarehe 31 Desemba tulikuwa sebuleni mimi, mume wangu, watoto, mama mkwe na majirani wawili. Nikasimama, nikasoma kwenye simu mambo 11 niliyojaliwa. Februari nilipandishwa cheo kazini. Mei nilinunua kiwanja Chanika, nikaongezea na hela kidogo aliyokuwa nayo mume wangu. Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Mwanza kwenye semina. Nilinunua friji ya milango miwili. Julai tulimpoteza baba mkwe, Muheza. Nilipungua kilo 9. Oktoba nilifyatulisha tofali pale pale kiwanjani, na fundi kakiri hajaona tofali ngumu kama zile. Novemba nikahitimu shahada niliyoisomea jioni miaka minne. Sasa kuta zimefika kwenye lenta, tunamwaga Jumamosi hii.

Shangazi, sijamaliza kusoma, mume wangu akanyanyuka, akavaa ndala, akatoka. Karudi alfajiri. Tangu kazi yake iishe mwezi Machi amekuwa mtu wa kununa. Ananilaumu kwamba msibani nilirudi kesho yake, wakati anajua nilikuwa na mitihani. Arobaini sikwenda kwa sababu lori la mchanga lilikuwa linakuja siku hiyo. Mahafali yangu alikuja lakini kila picha yuko nyuma kabisa. Mama yake naye alipotoka eda kahamia kwangu wiki ile ile, hasemi na mtu, anakaa dirishani tu. Mimi naona ni wivu.

Na kuna jingine. Oktoba na Novemba alikuwa anarudi saa mbili usiku suruali imelowa hadi magotini, amechoka, chakula hali. Mfukoni nikakuta risiti ya ndoo mbili na madumu manne. Sisi nyumbani ndoo tunazo! Shoga zangu wanasema ameshafungua nyumba pembeni. Kiwanja kiko kwa jina langu peke yangu. Tukiachana anaweza kudai?

Mshindi Asiyepongezwa, Tabata

*

Marahaba mwanangu. Hongera. Kusoma jioni miaka minne huku una kazi na watoto si mchezo, na hicho cheo umekitolea jasho. Pole pia kwa kuachwa umesimama na simu mkononi mbele ya majirani. Hongera na pole zimeishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia namwonea huruma mtu ambaye hakuiandika.

Tuanze na hizo ndoo.

Mimi nimejenga chumba na sebule Mbagala, tofali nimezishika kwa mikono hii. Tofali la saruji likishafyatuliwa halijawa tofali bado. Linalala usiku mmoja, kisha linaanza kunyweshwa maji asubuhi na jioni, wiki nzima, na zaidi jua likiwa kali. Watu wengi wanadhani saruji inakuwa ngumu kwa kukauka. Sivyo. Saruji inashikana kwa maji, ikikaukiwa mapema inakufa. Tofali lisilomwagiliwa ukilinyanyua linakumegekea pembe mkononi kama biskuti. Lililokunywa vizuri ukiligonga linalia.

Sasa wewe mwenyewe umeandika kwamba Oktoba ulifyatulisha tofali Chanika na fundi akazisifia ugumu. Mistari michache chini umeandika kwamba Oktoba hiyo hiyo mumeo alikuwa anarudi amelowa hadi magotini, hoi, na mfukoni ana risiti ya ndoo na madumu. Mwanangu, una shahada. Hii hukuijumlisha? Hawara gani anamlowesha mtu suruali kila siku ya Mungu? Au amempangia chumba ndani ya bahari?

Nikuulize, nani alizimwagilia zile tofali? Hukumtaja. Fundi hamwagilii, akimaliza kufyatua anachukua chake anaondoka. Kibarua wa maji analipwa, na wewe uliyenihesabia hadi kilo ulizopungua usingesahau kunihesabia hela ya kibarua. Siapi, sikuwepo. Lakini nakuona ulivyopita pale kiwanjani siku moja moja, ukazikuta zimelowa, zimekaa mistari, ukaona tofali zako zina bahati. Za asubuhi hukumwona akienda kwa sababu ulikuwa kazini.

Halafu hii orodha. Umeiita mambo uliyojaliwa. Msiba wa baba mkwe umo ndani yake, umekaa baada ya friji ya milango miwili na kabla ya kilo 9. Ukausoma hivyo hivyo kwa sauti, mbele ya mtoto wa marehemu na mjane wa marehemu. Na unashangaa mtu kuvaa ndala akatoka! Mimi ningetoka peku.

Nimechukua kalenda nikaupanga mwaka huo upya, safari hii kwa upande wake. Februari mkewe anapanda cheo. Machi yeye kazi inakwisha. Julai anamzika baba yake, na mkewe yuko kwenye basi la kurudi Dar es Salaam kesho yake. Mitihani nakusamehe, chuo hakisubiri mtu. Lakini arobaini! Mchanga unasubiri, mwanangu. Lori lingemwaga pale, jirani angelipokea, hata ungeibiwa ndoo tano usingeziona. Arobaini ya baba mkwe ilikuwa siku moja tu.

Kisha Novemba. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hesabu kuanzia Julai unaangukia Novemba, yaani mumeo alikwenda Muheza kumtoa mama yake kwenye ile nyumba, akamleta kwenu, na siku hizo hizo akapiga pasi shati akaja kukupigia makofi kwenye mahafali. Alikuja, umesema mwenyewe. Unamlaumu kwamba kwenye picha yuko nyuma. Pengine nyuma ndiko alikopata pa kufutia macho.

Na huyo mama wa dirishani hajakununia. Muheza ninayoijua mimi, ukifungua mlango wa uani unaona michungwa. Ameamka asubuhi moja yuko Tabata, anatazama ukuta wa jirani, mume hana, na nyumba aliyomo inaitwa "kwangu" na mkwewe. Umeandika "kahamia kwangu". Sikulitia mimi neno hilo. Azungumze nini? Tangu aje, umeketi naye hata mara moja mkachambua mchele?

Tuje kwenye "hela kidogo". Mtu ambaye kazi imeisha Machi, Mei ana hela. Hela ya namna hiyo ina jina, inaitwa kiinua mgongo. Ilikuwa ngapi? Umenitajia kilo, milango ya friji, idadi ya mafanikio, miaka ya chuo, ila tarakimu hiyo moja imekukwama kooni. Nimezeeka kwenye safu hii. Mtu akihesabu kila kitu halafu kimoja akakiita "kidogo", huwa najua hicho ndicho kikubwa.

Umeuliza kama anaweza kudai. Anaweza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie kila mmoja alichangia nini katika kupata mali, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Jina kwenye karatasi ya mauziano halifungi mjadala. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilikataliwa, lakini msimamo ule umekuwa ngao ya wanawake wengi, na sisi kina mama tumeushangilia hadi leo. Sasa igeuze kanga upande wa pili. Miaka minne wewe uko darasani jioni, nani alikuwa anawapakulia watoto na kuwakagua madaftari? Kama mkono wa mwanamke kwenye sufuria ni mchango, mkono wa mwanamume kwenye ndoo tuuite nini? Usije ukajipeleka mwenyewe mahakamani ukashindwe kwa hoja iliyotengenezwa kukulinda wewe.

Ugonjwa huu si wako peke yako. Siku hizi Desemba ikiingia kila mtu anakuwa mgeni rasmi na msoma risala kwa wakati mmoja. Ukifungua simu unakutana na picha ya joho, picha ya funguo, picha ya msingi wa nyumba, na maneno chini yake: asante Mungu kwa mwaka wangu. Wangu! Nyumba moja, kitanda kimoja, lakini miaka ni miwili, kila mtu na wake. Bibi zangu mimi walikuwa wanasema mwaka ule tulipovuna, mwaka ule tulipofiwa, mwaka ule tulipohama. Na mambo yalikuwa mengi tu, na ugomvi ulikuwepo, msidhani bibi zetu walikuwa malaika.

Kule Makunduchi, Unguja, wana Mwaka Kogwa, sherehe ya kuufunga mwaka na kuufungua mwingine. Kabla ya kula na kucheza, wanaume wanatoka uwanjani wanapigana kwa migomba, kila mwenye kinyongo akitoe hapo hapo. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Ndipo watu wanarudi majumbani kusherehekea, na mgeni anakaribishwa. Wenzetu wamejua siku nyingi kwamba huwezi kuufungua mwaka na ya mwaka jana yamekukaa kifuani. Wewe uliruka hayo yote ukaingia moja kwa moja kwenye shangwe, tena shangwe yenyewe ni ya kusomewa friji.

Na hao shoga zako, hata mmoja amewahi kufika Chanika? Wamekaa kwenye kochi lako, wanakunywa soda iliyopozwa na friji hiyo hiyo, wanamtafutia mumeo hawara. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vya Chanika vimemwagiliwa.

Mumeo naye nina neno naye, dogo. Mwanamume kubeba madumu karibu miezi miwili bila kufungua mdomo ni ukaidi wa kiume usio na faida. Alitaka uone mwenyewe, na wewe macho yako yalikuwa kwenye risiti. Alikolala usiku wa mwaka mpya sikujui. Muulize, ila muulize kama mke. Upelelezi umeujaribu umekuletea ndoo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya mumeo, mwendee mama mkwe hapo dirishani, ukae chini, umwombe radhi kwa ile arobaini. Habari za lori usimtajie kabisa. Jioni watoto wakishalala mwulize mumeo kile kiinua mgongo kilikuwa shilingi ngapi na kilikwenda wapi chote, kisha mwambie asante, kwa neno hilo hilo, asante, sio "najua ulisaidia". La jina kwenye karatasi sikulazimishi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa yupo, ofisi yake unaifahamu, na kuongeza jina si kazi ya siku mbili mtu akiwa na nia. Kama huna nia, angalau usiulize tena nani atadai nini kabla nyumba haijapauliwa.

Umesema Jumamosi mnamwaga lenta. Zege la lenta nalo ni saruji ile ile, Jumapili asubuhi litataka maji, na Jumatatu, na siku zinazofuata. Jumapili kazini huendi, na chuo umemaliza. Funga kanga ya kazi, mwambie mnaondoka pamoja. Ndoo zipo mbili, risiti unayo.