Mwanangu, kabla hujatia sahihi

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia kwa WhatsApp niliisikiliza nikichagua mchele, kisha nikaisikiliza tena nimekaa kitako. Unauliza, "Mama, nihame kazi au nibaki?" Uko hapo Westlands kwa watu wanaokujua, mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, na sasa hawa wa San Francisco wanakutaka uwaandikie programu ukiwa kwako South B, wakulipe kwa dola, karibu maradufu ya unachopata. Halafu ukamalizia na lile lako: "Si hata wewe ulihama kwa sababu ya pesa, na mambo yakawa sawa?"

Hapo ndipo sinia la mchele nililiweka kando.

Sikuhama kwa sababu ya pesa. Aliyekwambia hivyo nadhani ni baba yako, ambaye hadithi yoyote akiisimulia huikata mkia ili awahi kulala. Nyongeza ilikuwepo, ndiyo, sikatai, lakini ilikuwa ya kununulia mkate na maziwa, si ya kuhamisha mtu. Nilihama kwa sababu kazi mpya ilikuwa Industrial Area na sisi tuliishi Buruburu. Unajua Jogoo Road ilivyokuwa jioni. Kutoka mjini, ukiibahatisha hiyo matatu namba 58, ulifika nyumbani watoto wamekula, wameoga, mmoja amelala na mwingine anajifanya amelala. Wewe ndiwe uliyekuwa ukijifanya.

Lakini nilivyoondoka pale mjini ndiko kunakonikereketa hadi leo, nami sidhani nimewahi kukusimulia mwanzo hadi mwisho.

Unakumbuka zile karatasi ndefu zenye vitobo pembeni, mlizokuwa mkichorea magari upande wa nyuma? Zilitoka chumba cha kompyuta cha ile kampuni ya bima, ambako baridi ya mashine ilitufanya tuvae sweta hata Januari. Mwaka 1999 zilikuwa nyingi hadi zikatushinda kuhifadhi. Nyinyi wa siku hizi mnalicheka lile jambo la mwaka 2000 kwa kuwa hamkuona kitu kikianguka. Programu zetu za COBOL, lugha ya kompyuta ya siku hizo, zilikuwa zimeandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, ili kuokoa nafasi, kwa hiyo baada ya 99 inakuja 00, na mashine haina njia ya kujua kama ni 2000 au 1900. Sisi wa bima tulionjeshwa mapema. Bima ya maisha ya miaka ishirini iliyokatwa 1985 inaiva 2005, kwa hiyo kwenye faili kama hizo shida ilikuwa imebisha hodi zamani. Mwaka huo mzima nilipitia programu mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi.

Usiku wa 31 Desemba wakatuweka ofisini. Baba yako aliwapeleka kwenye kesha kanisani, ukalala kwenye benchi, ukapoteza kiatu cha mguu mmoja. Habari ya kiatu nimesimuliwa tu. Huko ghorofani tulikunywa soda, saa sita ikapita, taa zikabaki zinawaka, printa ikachapa tarehe mosi Januari 2000 bila kinyongo, na meneja akapiga makofi kana kwamba yeye ndiye aliyeshika ile kalamu nyekundu.

Mimi sikupiga. Tangu Novemba nilikuwa nimemwandikia memo kwamba kuna siku nyingine ya kuogopa, tarehe 29 Februari. Kanuni unaijua, lakini wacha niiseme, maana naipenda. Mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mwaka mrefu, Februari yake ina siku 29. Mwaka unaofunga karne si mrefu, ndiyo maana 1900 Februari yake ilikuwa na siku 28. Isipokuwa ukigawanyika kwa 400, kama 2000, basi ni mrefu. Sasa tazama maajabu yake: mwandishi wa programu aliyejua kanuni ya kwanza tu alipatia, bila kujua. Aliyejua zote tatu alipatia. Aliyekosea ni yule aliyejua mbili na kujiona msomi. Na ile programu ya makeshia wetu ilikuwa imeandikwa na msomi wa aina hiyo. Meneja alirudisha memo yangu na neno moja pembeni: "Nimeona." Nakala ninayo kwenye faili la kijani.

Ndiyo, lile faili. Najua wewe na dada yako mkilitaja mnabana sauti na kunigeza: mali bila daftari hupotea bila habari. Geza tu. Hati ya nyumba ya Buruburu ilipotafutwa ilikuwa wapi?

Basi Januari nikapata ile kazi ya Industrial Area, nikatoa notisi ya mwezi, siku yangu ya mwisho ikaangukia Jumanne, tarehe 29 Februari. Sikupanga. Asubuhi nilikuwa naondoa vitu vyangu mezani simu ikalia kutoka chini: wateja wamepanga foleni, mashine inakataa kutoa risiti, inasema tarehe hiyo haipo. Meneja akaamua mambo yawe rahisi. Risiti zote zitoke na tarehe 1 Machi, kesho mashine itajirekebisha yenyewe.

Wewe ni mtu wa programu, unaweza kuona ni siku moja tu. Mimi niliona mama mmoja mbele ya dirisha la keshia, akifungua fundo la leso na kunyoosha noti zake moja moja kwa kiganja. Aliyepaswa kulipa bima yake tarehe 30 Januari, siku zake 30 za msamaha wa kuchelewa ziliisha siku hiyo hiyo, 29 Februari. Risiti ikisema 1 Machi, amechelewa. Bima imekufa. Na akija mjane wake au mwanawe kudai baada ya miaka mitatu, nani atakumbuka kwamba siku ile kompyuta ilikuwa haiijui kalenda?

Nikateremka. Nikawaambia makeshia waandike tarehe ya kweli kwa kalamu juu ya kila risiti, watie sahihi, wapige muhuri, na nakala ya ofisini vilevile. Wakafanya, kwa kuwa walinijua. Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikihakikisha, meneja akaja. Hakuuliza ninafanya nini. Aliniangalia tu, mbele ya makeshia na wateja, akasema, "Wewe si umeshaondoka?"

Miaka yote ile, na bado ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ninayolipwa. Wewe si umeshaondoka.

Nilikuwa na majibu mengi. Yote yalinijia ndani ya 58. Soda na biskuti za kuniaga hazikuwepo, watu wote walikuwa kwenye foleni. Na kile cheti cha utumishi walichonichapia na mashine zao, unajua kinasemaje? Kwamba niliwafanyia kazi hadi 1 Machi 2000, siku ambayo barua ya Industrial Area inaonyesha nilikuwa nimeanza huko. Karani wa huko aliniuliza inakuwaje niko sehemu mbili siku moja, nikacheka hadi akaniletea maji. Hicho cheti sitakuachia urithi, nitazikwa nacho.

Basi umeniuliza uhame au ubaki, nami nimekueleza jinsi mtu anavyotoka. Nivumilie. Ninachojua ni kwamba barua ya notisi ukishaitoa, hata uwe ulijenga ukuta wa nyumba yao, kuanzia saa hiyo umeshaondoka. Siku hizi hata hawakuambii kwa mdomo, wanakufungia tu mfumo na kutuma mtu aje kuchukua kompyuta. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, hati zako za mshahara ziwe kwako, barua ya ajira iwe kwako, siku za likizo ulizobakiza ziwe zimeandikwa mahali. Cheti cha utumishi ni haki yako kwa Sheria ya Ajira ya 2007, usiombe kama unaomba msaada. Soma tarehe kabla ya kukipokea!

Sasa huo mkataba wa San Francisco. Ulinitumia kwenye simu nami nimeusoma wote kwa miwani, pamoja na yale maandishi madogo. Hiyo si ajira. Wanakupa kandarasi. Hilo neno hukulisema kwenye sauti yako. Maana yake zile siku 21 za likizo kwa mwaka ambazo sheria inakupa ukiwa Westlands, huku hazipo hadi uziandikiwe. Wiki mbili za likizo ya baba mtoto anapozaliwa, hazipo. Wakikupunguza leo, ile fidia ya siku 15 kwa kila mwaka uliotumika, haipo. NSSF, akiba yako ya uzeeni, ambayo mwajiri hukuwekea sehemu yake, utaibeba peke yako. Na bima ya hospitali ya kazini inakatika siku unapotoka. Mimi nimekula chumvi ya bima miaka mingi, nisikilize hapa: ukienda kununua bima yako binafsi leo, nyingi zitakusubirisha mwaka mzima au karibu yake kabla ya kugharamia uzazi. Mkeo ana miezi mingapi sasa? Mtoto hatawasubiri.

Lakini dola hizo zinaweza kulipa hospitali mara nyingi tu, najua, nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Ukijipangia. Na wewe kupanga unaweza, si kama mjomba wako.

Kinachonisumbua zaidi ni kifungu kimoja kinachosema utafanya kazi "kwa saa za kutosha kukutana na wenzako." Nimekipigia mstari. Za kutosha ni ngapi? Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja usiku ya Nairobi. Wakifika Novemba wanarudisha saa zao nyuma, sisi hatugusi zetu, inakuwa saa mbili. Saa moja ndiyo taarifa ya habari ya Kiswahili, ndiyo saa ya kuogesha mtoto, ndiyo saa mkeo anarudi amechoka na miguu imevimba. Utakuwa chumbani umefunga mlango, unawaambia wazungu mlichofanya jana. Nyumbani uko, lakini haupo.

Haya, nijijibu mwenyewe. Asubuhi yote itakuwa yako. Hutakaa kwenye foleni ya magari ya kwenda Westlands. Mtoto akipelekwa kliniki utampeleka wewe, umbebe wewe, uwaulize manesi wewe. Baba yako alikuwa mwalimu na alifika nyumbani mapema kunishinda, ndiyo maana nyinyi hadi leo mkiumwa mnamwita yeye kwanza. Hilo halijanikera, wacha kucheka. Ningepewa asubuhi za namna hiyo, ningezipokea kwa mikono miwili, na San Francisco ingenisubiri jioni. Kwa hiyo nikisema kazi ya usiku ni mbaya, nitakuwa nasema tu kwa kuwa sikuizoea.

Unataka niseme neno moja. Nalijua neno lenyewe, liko kwenye ncha ya ulimi, na dada yako ameshalikisia. Silisemi. Nikilisema na likaharibika utanilaumu, likifaulu utasema uliamua mwenyewe. Lakini ungeniuliza hivi: mama, wakikataa kuziandika hizo saa, nitie sahihi? Hilo ningekujibu kabla hujamaliza.

Waandikie basi barua pepe, kwa heshima, uwaulize mambo manne: kazi ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi kwa saa za Nairobi, siku ngapi za mapumziko zinalipwa, notisi ya kuachana ni ya muda gani kwa kila upande, na mkizozana ni sheria ya nchi gani. Wakijibu kwa simu, waombe waandike.

Jumapili njooni baada ya ibada. Nitapika pilau, baba yako ameshaulizia. Leta huo mkataba umechapishwa kwenye karatasi, mimi siwezi kupiga mstari juu ya kioo cha simu. Na mkeo aje, asikae nyumbani kwa kisingizio cha miguu, nitamwekea stuli. Nimesikiliza sauti yako mara mbili yote, dakika nzima ya dola na nusu ya Westlands, na sijasikia yeye anasemaje.

Mamako