Mwenzangu anakuja ofisini siku mbili, mimi tano. Ni haki?

Dada, kuamka saa kumi alfajiri Kitengela ili saa mbili uwe Westlands, siku tano, huku mwenzako wa kazi ileile akija siku mbili tu, kunauma. Lakini usianze na yeye. Huenda aliajiriwa 2021 kwa barua inayosema atafanyia kazi nyumbani. Ukimtaja kwa bosi, ataitwa naye siku tano, na wewe utabaki kwenye foleni ileile ya Mombasa Road, safari hii ukiwa na adui.

Toa mkataba wako usome. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 10, inataka mahali pa kazi paandikwe, na mabadiliko yafanywe kwa kushauriana nawe, kisha ujulishwe kwa maandishi. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito, ulemavu na kadhalika. Umbali wa nyumbani haumo, kwa hiyo neno "ubaguzi" liweke akiba.

Omba kidogo: Jumatatu na Ijumaa nyumbani, majaribio ya miezi miwili, ukitaja kazi zinazopimika. Uliza pia kigezo walichotumia kupanga siku. Wakishindwa kukitaja, hapo una hoja.