Mchanga wa chini ya mawe

Mwanangu,

Umeniuliza maana ya yale maneno uliyoyaona kwenye fulana huko Paris, "Sous les pavés, la plage": chini ya mawe ya barabara kuna ufuo. Yaliandikwa kutani Mei 1968, wanafunzi na wafanyakazi wa Ufaransa walipoasi, na wanaotajwa kuyatunga ni Bernard Cousin na Bernard Fritsch. Walimaanisha kwamba chini ya amri na kazi isiyokwisha umefukiwa uhuru. Basi. Mimi kinachonishughulisha ni ule mchanga, maana ni wa kweli.

Jiwe la barabara halilazwi juu ya udongo mtupu. Unachimba, unashindilia kokoto sentimita 15, unatandaza mchanga sentimita 3 hadi 5, unapanga mawe, kisha unafagilia mchanga laini kwenye nyufa. Saruji haimo. Ndiyo maana usiku wa tarehe 10 Mei, wanafunzi walipong'oa mawe ya mtaa wa Gay-Lussac kujenga vizuizi dhidi ya polisi, kazi ilikuwa jiwe la kwanza. Hilo lataka mtaimbo. Likishatoka, jirani zake hawana pa kuegemea, wanachomolewa kwa mkono. Nimekwambia mara ngapi: mawe hayashikwi na mchanga, yanashikwa na ukingo.

Ua wa bibi yako si unaujua? Fundi alimwaga mchanga sentimita 10 ili kuficha kwamba hakushindilia, na upande wa kisima hakuweka ukingo. Masika moja tu, mchanga ukafuata maji, kabro zikaachana kama meno ya mzee. Na pesa zake alilipwa zote! Bibi akipita pale mpaka leo husonya.

Lakini ngoja. Gay-Lussac ilikuwa na ukingo, tena wa graniti, na bado ilifumuliwa. Ukingo basi huzuia maji na magurudumu. Mtu aliyeinama na mtaimbo haumzuii. Hata hivyo, nasema ukingo.

Serikali nayo ilishauona ule mchanga. Kiangazi kilekile ikafunika kwa lami mitaa ya Quartier Latin, eneo la vyuo lenye mtaa huo.

Kama walifanya vyema kuyang'oa? Hilo ndilo ulilotaka hasa, nakujua. Mawe yale yaliwapiga watu, na walioyarusha wakala virungu. Ninalo neno langu, ila barua si mahali pake, uje Desemba. Kwa sasa pita Gay-Lussac, utazame kama lami imebanduka popote, unipigie picha.

Babako