Gari Lililosimama Huficha Linalokuja

SWALI: Mhariri, juzi nilikuwa nikivuka na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, kwenye mistari ya pundamilia katika barabara yenye njia mbili kila upande. Basi lilisimama kutupisha, na dereva wake akatupungia mkono tupite. Tulipofika tu mwisho wa ubavu wa basi, gari dogo lilichomoka nyuma yake kwa kasi, likagonga ncha ya mkongojo wa mama. Je, tulikosea wapi? Na kwa nini kwenye vivuko vyenye taa, kijani huanza kuwakawaka kabla mama hajafika hata katikati?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana, na mpe mama pole yetu. Hamkukosea. Aliyekosa ni dereva aliyelipita gari lililosimama kwenye kivuko, jambo ambalo sheria za nchi nyingi hulikataza waziwazi kwa sababu ya hatari hiyohiyo iliyowakuta. Basi lile liliwaficha ninyi machoni pake, nalo likamficha yeye machoni penu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo nzima inaweza kuisha kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Kisha, hata barabara ikiwa kavu, gari huhitaji mita nyingine kama 14 ndipo lisimame. Aliyewaona mkichomoza mita 5 mbele yake hakuwa na nafasi yoyote ya kuwaokoa, hata kama angetaka.

Kwa hiyo, mkono wa dereva wa basi uchukuliwe kuwa ahadi yake peke yake, kwa maana hawezi kumsemea dereva wa njia ya pili. Mkifika ukingoni mwa basi, simameni kabisa, wewe uchungulie huku mama akiwa nyuma yako, na msiingie njia ya pili mpaka uone magurudumu ya gari linalokuja yametulia. Wenye magari nyuma yenu wakipiga honi, waacheni wapige.

Kuhusu taa, kijani kinachowakawaka humaanisha kwamba aliye ukingoni asianze kuvuka, na aliyekwisha kuanza amalize. Muda huo mara nyingi hupangwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ambao kwa mzee ni mwendo wa haraka: barabara ya mita 14 humchukua kijana sekunde 12 hivi, lakini anayetembea mita 0.8 kwa sekunde huhitaji zaidi ya sekunde 17. Ndiyo maana mkikuta kijani kimekwisha kuwaka, ni afadhali msubiri kipya mkianze tangu mwanzo, na penye kisiwa katikati mpumzike hapo bila haya. Sekunde hizo zinaweza kuongezwa, nami nakuhimiza uwaandikie wasimamizi wa barabara, ukitaja kivuko chenyewe na muda mlioupima kwa saa.

Jambo moja zaidi: mnapovuka, wewe kaa upande magari yanakotokea, na mkishapita katikati, kwa kuwa sasa yanatoka upande mwingine, badilishaneni nafasi kabla ya kuendelea.